Kona ya Verlyn Imepungukiwa Mtu Mmoja

Benchi letu ni la kanisani. Walutheri waliponunua viti vya sponji walilitoa nje, nami Lavonne nikalibeba nikaliweka ofisini kwangu, kwenye mizani ya ghala la ushirika hapa Tamarack Grove, Iowa. Kazi yangu ni kupima malori ya mahindi na kuchemsha kahawa. Kazi ya wale wazee ni kukaa. Wanaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kofia za kampuni za mbegu vichwani, theluji kwenye mabuti, na hawatoki mpaka birika liishe. Kahawa yenyewe ni nyepesi, ukiitazama unaona chini ya kikombe, kwa sababu ndivyo mama zetu walivyoipika na hakuna aliyekufa. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu ya mkutano wa mchujo, ile inayokuja mara moja kila miaka minne, ambapo watu wa Iowa wanatoka kwenye baridi ya kufa mtu kwenda kumchagua mgombea urais wa chama, na nchi nzima inatutazama kana kwamba tunajua tunachofanya.

Verlyn Tostrud aliingia wa mwisho, akakaa, hakugusa kahawa. Huyu ni mtu wa maneno manne kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "haya". Nilipomwona hajavua glavu nikajua kuna msiba.

Gaylen: Vipi, bwana? Ng'ombe kafa?

Verlyn: Ardis kasema leo nisimhesabu.

Gaylen: Nani?

Verlyn: Ardis. Mke wangu.

Gaylen: Ardis namjua, nilikuwa kwenye harusi yenu! Nisimhesabu maana yake nini?

Verlyn: Maana yake nisimhesabu.

Benchi zima likamgeukia. Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza. Kwenye chama chetu hatuandiki jina kwenye karatasi. Tunaingia ukumbi wa mazoezi wa shule, kila mgombea ana kona yake, na wewe unatembea kwa miguu yako, mbele ya mchungaji na jirani na daktari wako wa meno, unakwenda kusimama kwenye kona ya unayemtaka. Wanahesabu vichwa. Kona isiyofikia kumi na tano kwa mia imekufa, na watu wake wanapewa nusu saa wahamie kona nyingine. Nusu saa hiyo ndiyo soko lenyewe: makapteni wa kona wanakuja kukubembeleza, wanakushika mkono, wanakupa keki. Sisi tuko ishirini, kila mchujo ni ishirini. Kumi na tano kwa mia ya ishirini ni watatu. Na kona ya Verlyn, pale karibu na mlango, ina watu watatu kamili: Verlyn, Ardis, na Gaylen. Mara saba imesimama, miaka ishirini na minane, na hakuna mwaka imekufa. Verlyn hajivunii shamba, hajivunii hata wanawe, lakini kona yake anajivunia. Leo Ardis akiondoka, Verlyn atahesabiwa mbele ya watu wote, ataambiwa kona yake haipo, na atavuka ukumbi bila mkewe akitafuta pa kusimama.

Merle: Sasa si uje chama chetu! Sisi tunakutana kituo cha zimamoto, tunaandika jina kwenye kikaratasi, tunakula mkate wa nyama ya nguruwe, tunakwenda kulala. Hakuna kutangatanga kama kuku.

Huyo ni Merle, tunamwita Wakili. Aliwahi kushtakiwa na jirani kwa sababu ya uzio, akashinda, na tangu siku hiyo hakuna sheria asiyoijua.

Gaylen: We Wakili nyamaza, hili ni la kwetu.

Merle: Nanyamazaje na nina elimu? Hiyo kumi na tano kwa mia mnajua imetoka wapi? Hamjui. Katibu wa kwanza wa chama chenu alikuwa na ng'ombe mia, akaona kumi na tano ndio wanatosha kusukuma mlango wa zizi ukafunguka. Ikawa sheria.

Delbert: Umeisoma wapi?

Merle: Mambo mengine hayasomwi, Bado. Yanajulikana.

Delbert ndiye Bado. Chama chetu kinaruhusu pia kona ya watu ambao hawajaamua, na Delbert ndiye kapteni wake tangu ana nywele.

Delbert: Mimi nadhani ni yule mgombea, Mama Seneta. Kamchukua Ardis.

Gaylen: Kamchukuaje?

Delbert: Hao wana kompyuta, bwana. Kompyuta inajua friji yako ina nini. Imeona Ardis ananunua siagi nyingi, ikasema, huyu mama ni mpishi, mpelekeeni mpishi mwenzake. Akaja binti mlangoni, akasifu mapazia. Basi. Fuata nyuki ule asali.

Merle: Methali hiyo haihusiki.

Delbert: Nyuki ndiye binti.

Gaylen: Na asali?

Delbert: Mapazia.

Verlyn: Hakuna binti aliyekuja.

Delbert: Wakija huwezi kuwaona! Ndiyo kazi yao! Mimi mwenyewe Mama Seneta alikuja bandani kwangu mwezi wa kumi na moja. Natengeneza pampu, akanishikia tochi saa nzima.

Gaylen: Ukaamua kumchagua?

Delbert: Bado. Tochi alikuwa anaimulika usoni kwangu.

Gaylen akavuta pumzi. Tulijua kinachokuja. Gaylen anaitwa Bandama, kwa sababu kila akichinja nguruwe anatoa bandama, anaitandaza mezani, anasoma hali ya hewa ya miezi sita. Babu yake alifanya hivyo, baba yake alifanya hivyo, na wote watatu walikosea kiangazi kile kile.

Gaylen: Niseme kitu ambacho sikutaka kusema. Mwaka huu bandama ilikuwa na mafuta mwishoni.

Merle: Yaani?

Gaylen: Mafuta mwanzoni, theluji ya mapema. Mafuta mwishoni, mambo ya ghafla Januari. Nikadhani ni dhoruba. Kumbe ni Ardis.

Verlyn: Bandama ya nguruwe imemtaja mke wangu?

Gaylen: Haikutaja jina. Ilionyesha mtu anayehama.

Merle: Nguruwe wa nani?

Gaylen: Wa Verlyn! Si ndiye aliyeniuzia? Sasa unaona!

Hapo hata mimi niliacha kuandika namba za lori. Verlyn alivua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena.

Nikasema, "Nyie, mwenzenu anaumia, na nyinyi mnachambua matumbo ya nguruwe. Huenda ni goti tu. Ile kona iko mlangoni, kila mtu akiingia anaingia na baridi yake, na Ardis ana goti bovu."

Gaylen: Ndiyo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

"Mkuu gani tena?"

Gaylen: Daktari. Alimwambia asipande ngazi.

Merle alikuwa amefumba macho. Merle akifumba macho hivyo, wenye akili wanasogeza vikombe, kwa sababu akifumbua anarusha mikono.

Merle: Jasusi!

Gaylen: Kahawa yangu, bwana!

Merle: Ardis ni jasusi! Jamani, hamwoni? Verlyn, mkeo hajakuacha. Anaingia kona ya Mama Seneta kwa siri. Anasimama nao, anacheka nao, anakula keki zao. Wakisema watu wahame, anageuka ghafla, anarudi kwako na watu wawili kwapani! Kona yako inakuwa ya watu watano!

Delbert: Lakini kona ya Verlyn itakuwa imeshakufa kwenye hesabu ya kwanza.

Merle: Hapo ndipo penye ujanja. Nani atamshuku mtu anayetoka kwenye kona iliyokufa?

Verlyn akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Verlyn: Unadhani?

Merle: Nadhani? Najua! Mwanamke umeishi naye miaka arobaini na moja! Samaki mkunje angali mbichi.

Gaylen: Ardis ana miaka sitini na nane.

Merle: Basi alikunjwa zamani.

Delbert: Mimi nina swali. Huyo Mama Seneta naye si mjinga. Jasusi akiingia kwake, atamgundua. Atamwambia, mama, acha hiyo kazi ndogo, mimi nitakupa kubwa.

Merle: Kubwa gani?

Delbert: Ubalozi. Marais wote wanagawa ubalozi. Na Ardis kwao Norwe, yaani bibi yake. Anajua kupika yule samaki wao wa kulowekwa kwenye magadi. Huyo ni balozi kamili, hahitaji hata mafunzo.

Gaylen: Mungu wangu. Ardis balozi Norwe.

Verlyn: Nani atalisha ndama?

Delbert: Utalisha wewe.

Verlyn: Ndama wanamjua yeye. Mimi wananikimbia.

Merle: Sasa wewe, bwana, hufikirii taifa! Utaitwa mume wa balozi. Utavaa suti.

Verlyn: Ninayo moja. Ya kuzikwa.

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, jamani, na mimi nilicheka mpaka nikajishika mezani. Baadaye nilijisikia vibaya, lakini si sana. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia mwanamke mnene wa makamo mwenye koti la rangi ya machungwa. Alikuwa dereva wa lori kutoka Nebraska, jina lake Renae. Mahindi yake yalikuwa kwenye mashine ya kupima unyevu, na mashine yetu haina haraka.

Renae: Habari zenu, wazee wangu. Naona hapa kuna kikao.

Gaylen: Karibu, dada, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kahawa hii hapa.

Renae alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akanitazama mimi, akanyamaza kwa adabu. Nilimpenda papo hapo.

Wakamweleza kila kitu, wote wanne kwa pamoja, hata Verlyn alitia maneno mawili. Wakamweleza kona, na kumi na tano kwa mia, na ng'ombe wa katibu, na kompyuta ya siagi, na bandama, na goti, na ujasusi, na Norwe. Gaylen alichora kona zote kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha. Renae alisikiliza, akitikisa kichwa pale panapotakiwa. Watu wa Nebraska ni majirani, wamezoea.

Renae: Sawa. Nimeelewa karibu yote. Ila kitu kimoja tu.

Merle: Uliza, dada. Hapa ndipo mahali pake.

Renae: Mkewe mwenyewe anasemaje? Si amwulize tu kwa nini?

Delbert aliinamia kikombe chake. Merle aliangalia dari kana kwamba sheria imeandikwa huko. Gaylen akarudi dirishani akafuta kona zake kwa kiganja.

Nikamgeukia Verlyn. "Verlyn. Alipokwambia usimhesabu, wewe ulisemaje?"

Verlyn: Nilisema haya.

"Halafu?"

Verlyn: Halafu nikavaa kofia.

Renae: Kwa hiyo hakuna anayejua hata anakwenda kona gani?

Gaylen: Ya Mama Seneta.

Renae: Nani kasema?

Gaylen: Delbert.

Delbert: Mimi nilisema nadhani.

Nikaivuta simu ya mezani, nikaisogeza mbele ya Verlyn kama ninavyosogeza karatasi za kusaini. Aliitazama simu ile kama mtu aliyepewa nyoka ashike. Nikampigia namba mwenyewe. Nakiri pia kwamba nilibonyeza kitufe cha spika. Siombi radhi, ofisi ni yangu.

Ikaita mara nne.

"Tostrud," sauti ya Ardis ikasema.

"Ardis," Verlyn akasema. "Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nasikia Gaylen anapumua. Habari ya asubuhi, Lavonne."

"Nzuri, Ardis," nikasema. Ningesema nini?

Verlyn akakohoa. "Hapa kuna dada wa Nebraska. Anauliza kwa nini umenihama."

"Dada wa Nebraska anauliza."

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

Mashine ya unyevu ikalia kuwa imemaliza. Hakuna aliyekwenda. Renae mwenyewe, mwenye mahindi, alinipungia mkono niiache.

"Na mimi," Verlyn akasema. "Mimi pia nauliza."

"Basi nitakujibu wewe. Naye asikie, si vibaya. Verlyn, mara saba nimesimama pale mlangoni na wewe. Kila mara wakisema watu wahame, naona makapteni wote wanakimbilia kwa Delbert. Wanamletea keki. Wanamwita bwana Delbert. Wanamuuliza yeye anaionaje nchi, na Delbert haioni. Nusu saa nzima wanamsikiliza. Kwangu mimi hajawahi kuja hata mmoja. Wanasema, yule ni wa Verlyn, tayari kahesabiwa. Na wewe pia huji, kwa sababu mimi ni wa Verlyn. Sijui hata kama yule mgombea wako wa masharubu namtaka. Hujawahi kuniuliza kama namtaka."

Verlyn akavua glavu zote mbili.

"Kwa hiyo leo nasimama kona ya Delbert," Ardis akasema. "Nataka na mimi nibembelezwe."

"Kwangu?" Delbert akapiga kelele, kasimama kabisa. "Shemeji anakuja kwangu?"

"Kaa chini, Delbert. Hata wewe hujaniuliza."

Delbert akakaa. Miaka yote nimemjua sijawahi kumwona akiwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, na alipendeza. Verlyn akabaki na mkono wa simu mkononi, ingawa spika ilikuwa inatosha, na wenzake wakaanza kumnong'oneza wote.

Merle: Mwambie juu ya kanuni!

Gaylen: Mwambie reli! Yule wa masharubu si anataka reli?

Merle: Mwambie barabara pia, yeye ndiye anayeendesha!

Delbert: Mimi nina keki kwenye gari, mwambie nitampa.

Gaylen: Wewe ni mpinzani sasa, nyamaza!

Nikawaonyesha mlango kwa kidole. Hawakutoka, lakini walinyamaza, na kwa wale ni kitu kilekile.

Verlyn akavua kofia. Nilikuwa sijaona kichwa chake tangu mazishi ya mama yangu. Akaiweka juu ya meza, akajisafisha koo, akazungumza kwa sauti ile anayotumia kwa wakaguzi wa serikali, iliyonyooka kama rula.

"Habari ya asubuhi, mama. Jina langu Verlyn Tostrud. Mimi ni kapteni wa kona moja ndogo pale karibu na mlango."

Upande wa pili kiti kikavutwa. Kisha, "Habari ya asubuhi, bwana Tostrud."

"Nilitaka kujua kama umeshaamua utasimama wapi leo."

"Bado sijaamua."

"Haya," Verlyn akasema. Sote tukashtuka, Gaylen alimpiga teke. Verlyn akajishika. "Yaani, haya, ni vizuri. Ni vizuri hujaamua. Ningependa kukusikia. Wewe, mama, nchi hii unaionaje?"

"Una muda wa kusikiliza?"

"Ninao."

"Kwa sababu si fupi."

"Ndama nimeshawalisha," Verlyn akasema. "Wamenikimbia, lakini wamekula."

Ardis akacheka. Nimemsikia akicheka kanisani, na kwenye mazishi, na kwenye mashindano ya nyanya. Kicheko hiki nilikuwa sikijui. Merle alikuwa ananitazama macho yamemtoka, na Renae amejibandika mlangoni kikombe mkononi, na malori mawili nje yanapiga honi yakisubiri mizani. Nikavuta kiti changu karibu zaidi ili nisipitwe na kitu.

Verlyn akanyoosha kidole, bila hata kuangalia, akazima spika.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi kwenye meza ile, na sikuwa najua kwamba anajua kitufe kiko wapi.